Mwiba wa Taa na Uvivu wa Malenga

Malenga wetu wana samaki mmoja wasiyemchoka, naye ni taa. Jina lake limewarahisishia kazi: taa imulikayo na taa achomaye, jinasi imekwisha kamilika, na mpenzi aliyeachwa hupewa mwiba wa kumliza mpaka ubeti wa mwisho. Sina ugomvi na jinasi. Ugomvi wangu ni na uwongo unaobebwa ndani yake, kwamba mchomo wa taa hauna tiba ila subira, na kwamba aliyechomwa ama hufa papo hapo ama hupona kwa ushujaa wake.

Wapo waliofikwa na hayo mawili. Steve Irwin, Mwaustralia wa filamu za wanyama, alichomwa kifuani tarehe 4 Septemba 2006 akafa. Kapteni John Smith alichomwa mkononi mwaka 1608 katika ghuba ya Chesapeake, wenzake wakamchimbia kaburi, na jioni akamla samaki yule yule. Lakini kifo ni nadra, na kitoweo cha namna hiyo ni nadra zaidi.

Nani basi anayechomwa kwetu? Katika tungo ni nahodha. Tangu kilimo cha mwani kianze Paje na Jambiani mwaka 1989, anayekanyaga mchanga wa maji haba saa nyingi kila bamvua ni mwanamke, tai-tai kiunoni, macho kwenye kamba wala si kwenye nyayo. Taa hujifukia mchangani humo humo. Hamvizii mtu, akikanyagwa hurusha mkia (mkia ambao wengine tuliujua chuoni, mgongoni, kabla ya kuujua baharini), na mwiba wenye meno ya msumeno huingia wayoni au kifundoni pamoja na sumu yake.

Maumivu huanza hapo hapo, huzidi kwa saa moja au moja na nusu, kisha hulegea pole pole. Yaweza kudumu hata siku mbili. Mguu huvimba, ngozi hugeuka rangi. Wengine hutapika, hutokwa na jasho, huona kizunguzungu. Na tiba ya kwanza iko jikoni: maji ya moto, kiasi cha nyuzi 45, yapimwe kwanza kwa mguu mzima, kwani ule uliochomwa hauaminiki tena kujua moto, kisha uloweshwe nusu saa hadi saa moja na nusu. Wengi hupata nafuu ndani ya beseni. Anayemwambia mwanamke huyu astahamili, ilhali birika liko mekoni, hamfundishi subira, anamtesa. Mwiba uliokwama kifuani, shingoni au tumboni usichomolewe pwani. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali.

Kisichoimbwa kabisa ni wiki ya pili. Kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, jeraha likafumba juu na kuoza chini. Ndiyo maana husafishwa, hupigwa picha ya eksirei, mgonjwa akachomwa sindano ya pepopunda, na mara nyingi jeraha huachwa bila kushonwa. Wekundu unaotambaa, usaha na homa ni dalili za kurudi kwa daktari siku ile ile, na mwenye kisukari asingoje hata hizo. Kupona huchukua wiki, pengine miezi. Katika wiki hizo bamvua hupita, mwani hukatika kambani ukasombwa, na hakuna amlipaye aliyelala. Uchungu huo sijauona katika diwani yoyote.

Nimekwisha jibiwa kwamba ushairi si zahanati. Haya. Lakini Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, naye mgonjwa, hakuona haya kumwagiza mambo ya nyumbani, hata namna ya kumhudumia mume. Hakuna aliyesema kwamba maagizo yale yameshusha hadhi ya utendi wake. Sisi warithi wake tunaona beseni la maji ya moto halifai kuingia katika mizani.

Atokee basi mmoja atunge wimbo wa kushukia pwani, mahadhi yake yafuate mwendo wa kuburura nyayo mchangani, maana taa akisukumwa ubavuni bila kukanyagwa hukimbia zake. Vina vya taa anavyo tayari, na bamvua ijayo haiko mbali.