Usione Vyaelea: Picha Haijaliondoa Neno

Aghalabu husemwa kwamba enzi ya maneno katika tarakilishi ilikoma picha zilipoingia; kwamba mtumiaji hahitaji lugha, bali kidole cha kubofya. Kwa mantiki hiyo, Kiswahili kikishapata majina ya vitu vinavyoonekana kwenye skrini, kazi imekwisha. Nalipinga dai hili, na ushahidi wangu ni tarakilishi kongwe ya nyumbani: Amiga 500 ya kampuni ya Commodore, iliyoingia sokoni mwaka 1987.

Mashine hiyo ilikuwa na nyuso mbili. Uso wa kwanza, Workbench, ulikuwa wa aikoni zilizobofywa kwa kipanya. Wa pili ulikuwa dirisha tupu ambamo mtumiaji aliandika amri. Programu nyingi ndogo ziliundwa kwa ajili ya dirisha hilo: zilitarajia kupewa maneno na kujibu kwa maneno. Zilipopachikwa aikoni tu na kubofywa, hazikupata amri ya kusoma wala mahali pa kuandikia jibu.

Toleo la 1.3 la mfumo huo, la mwaka 1988, lilileta suluhisho: programu iitwayo IconX. Mtumiaji aliandika amri zake katika faili ya matini, mstari baada ya mstari, kisha akaipa faili hiyo aikoni. Aikoni yenyewe ilikuwa faili nyingine, yenye jina lile lile lililoongezewa ".info" mwishoni. Ndani yake mlikuwamo picha; lakini pia mliandikwa jina la programu ya kuitwa, yaani IconX, pamoja na maagizo kama vile ukubwa wa dirisha. Aikoni ilipobofywa mara mbili, Workbench iliiita IconX, nayo ikafungua dirisha, ikasoma amri moja baada ya nyingine na kuzitekeleza.

Waama, picha ilikuwa pazia. Mtendaji alikuwa neno. Aliyejua kuandika amri alijiundia aikoni alizotaka. Asiyejua alisubiri kuundiwa.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Kutafsiri jina lililo chini ya aikoni ni kazi njema, ila inaishia mlangoni. Mwanafunzi anayeelezwa kwa Kiswahili mahali pa kubofya, kisha akaelezwa kwa Kiingereza kinachotukia baada ya kubofya, ataamini kwamba Kiswahili ni lugha ya kutumia vyombo, nacho Kiingereza ni lugha ya kuviunda. Kuna watakaosema kuwa amri zenyewe ni za Kiingereza. Ni kweli, lakini maelezo yake hayalazimiki kuwa hivyo. Amri, faili, matini, dirisha: istilahi hizi tunazo. Kilichosalia ni kuzitumia katika insha, mihadhara na tasnifu zinazofafanua utendakazi wa mashine, si majina ya sehemu zake pekee.

Wahenga walituasa: usione vyaelea, vimeundwa. Sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuandike jinsi vinavyoundwa.