Akiba ya Askari na Hisa za Ng'ambo

Askari na polisi wa Rwanda wanaolinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini, pamoja na wenzao waliotumwa Cabo Delgado, Msumbiji, tangu Julai 2021, hurejea nyumbani na akiba. Kwa wengi, akiba hiyo ina njia moja tu: kiwanja, kisha nyumba. Hatuibezi nyumba. Lakini hapa Gisenyi tumekwisha kuona kwamba nyumba nayo hupata ajali. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka ng'ambo ya mpaka, matetemeko ya ardhi yalipasua kuta nyingi mjini. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kuharibu makazi ya watu. Aliyekuwa ameweka jasho lake lote ndani ya kuta nne alibaki akizitazama.

Kwa hiyo ndugu zetu wanaouliza habari za mifuko ya fahirisi ya ng'ambo wanastahili kujibiwa kwa makini.

Tuanze na kilicho karibu. Januari 2011 hisa za BRALIRWA, kampuni yenye kiwanda cha bia hapa hapa Gisenyi, zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Rwanda. Aliyezinunua alipata kipande cha kampuni moja. Bia ikidoda, naye hudoda. Mfuko wa fahirisi, kinyume chake, hununua makampuni yote yaliyomo katika orodha fulani, kwa mfano makampuni makubwa 500 ya Marekani, pasipo mtu kubahatisha ni lipi litakaloshinda. John Bogle alipoanzisha mfuko wa namna hiyo kwa watu wa kawaida mwaka 1976, wakubwa wa biashara ya hisa walimcheka. Gharama zake ndogo ndizo zilizowanyamazisha.

Hata hivyo, wingi wa makampuni haukingi kila risasi. Mwaka 2008 orodha hiyo ya makampuni 500 ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani yake. Aliyeweza kungoja miaka kadhaa aliona bei zikirudi. Aliyedaiwa karo mwaka ule aliuza kwa hasara. Basi fedha ya karo, ya matibabu na ya saruji na ibaki Zigama CSS. Kinachoweza kuvuka bahari ni kile tu ambacho mwenyewe hatakigusa kwa miaka kumi. Na anayeahidi faida maalumu kila mwezi hauzi mfuko wa fahirisi; huyo ni tapeli, hata akivaa tai.

Kodi nayo ina hesabu zake. Gawio la mfuko uliosajiliwa Marekani hukatwa asilimia 30 kabla ya kumfikia Mnyarwanda, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi. Mfuko uliosajiliwa Ireland, wenye hisa zile zile za Marekani, hukatwa asilimia 15. Anayejiandikisha kwa dalali wa hisa akiwa Bangui hana budi kutaja makazi yake halisi na nchi anayolipia kodi, wala si anwani ya kambi.

Linalotusumbua zaidi ni jingine. Kazi yetu ina kifo ndani yake. Askari akianguka, jamaa zake wanajua mlango wa Zigama ulipo. Lakini hesabu iliyofunguliwa ng'ambo kwa simu, na neno la siri likiwa kichwani mwa mtu mmoja, mjane ataidai kwa nani? Huenda hata jina la dalali hajapata kulisikia. Akilijua, atatakiwa hati za kifo na za mirithi, zilizotafsiriwa na kuthibitishwa. Na hisa za Marekani za marehemu asiye raia wala mkazi wa huko, zikizidi dola 60,000, huweza kutozwa kodi ya urithi ya nchi hiyo.

Karatasi moja yatosha: jina la dalali, namba ya hesabu, jina la mfuko na nchi uliposajiliwa. Neno la siri lisiandikwe humo. Itiwe katika bahasha, ifungwe, na ikabidhiwe kwa mke au mume kabla ya siku ya kupanda ndege.