Kiyoyozi cha haibridi kinataka fundi anayekijua

Mhariri,

Naomba nafasi niwaonye wenzangu tuliojinunulia magari ya haibridi yaliyotumika Japani. Mwezi uliopita langu lilianza kunguruma kila nikiwasha kiyoyozi. Kwenye foleni ya Ubungo, injini imejizima yenyewe, ule mlio ulisikika kama changarawe ndani ya kopo.

Fundi wa mtaani akajaza gesi na kutia oili aliyoizoea. Siku ya tatu taa ya hatari ikawaka kwenye dashibodi, ubaridi ukakata kabisa.

Fundi wa pili ndiye aliyenifungua macho. Kompresa ya haibridi nyingi haizungushwi na mkanda wa injini. Ina mota yake, inayotumia umeme wa volti 200 hivi au zaidi kutoka kwenye betri kubwa, kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Oili yake ni POE, isiyopitisha umeme. Ile oili ya PAG ya magari ya kawaida, aliyoizoea fundi wa kwanza, ikichanganyika humo hata kidogo, huharibu kinga ya nyaya za mota. Nimenunua kompresa nyingine.

Fedha zinauma, lakini kinachonikosesha usingizi ni yule fundi wa kwanza. Alizishika nyaya zile kwa mikono mitupu, nami nikimmulikia tochi. Angeweza kufa mbele yangu.

Naiomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iwafuate mafundi hawa huko huko gereji, kwa kozi fupi za jioni, na glovu za kuzuia umeme mkononi.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam