Hewa ya Kompresa Isidhaniwe Kuwa Hewa ya Kuvuta

Mwanafunzi wa Nyamwaga, jirani na machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, hana haja ya kwenda mbali ili aione kanuni ya Boyle ikifanya kazi. Kompresa inayoendesha drili ya kutobolea mwamba ni kielelezo tosha. Hata hivyo mafunzo yetu aghalabu huishia kwenye pampu ya baiskeli, na upungufu huo, kwa maoni yangu, waweza kugharimu maisha.

Kompresa kubwa za kukokotwa, zitumikazo migodini na barabarani, siku hizi nyingi ni za parafujo. Ndani yake zimo rota mbili zenye migongo na mifereji iliyojipinda, nazo huzunguka kwa pande zinazopingana, mgongo wa moja ukiingia katika mfereji wa nyingine. Hewa huingia upande mmoja na kuujaza mfereji. Rota zikiendelea kuzunguka, mlango wa kuingilia huzibwa, na hewa hunaswa. Mahali zinapoingiana husogea kuelekea upande wa pili, basi kifuko cha hewa huzidi kufupika mpaka kifikie tundu la kutokea. Hakuna pistoni inayokwenda na kurudi. Aliyeufuata mfereji mmoja tu, toka mwanzo hata mwisho, amekwisha kuuelewa mtambo wote.

Hewa ikibanwa hadi kanieneo mara 8 ya ile ya nje, mjao wake ungekuwa thumni, lau joto lisingebadilika. Lakini joto hupanda: bila kupozwa, lingezidi nyuzi 200 za Selsiasi. Ndiyo sababu mafuta humiminwa juu ya rota zenyewe, yapoze, yalainishe, na kuziba nafasi ndogo zilizo baina yao. Baadaye mafuta hutenganishwa na hewa, ila si yote. Ukungu mwembamba husalia.

Drili haina neno na ukungu huo. Mapafu yanalo. Tena kompresa haichagui inachovuta: mdomo wake ukiwa karibu na bomba la moshi wa dizeli, humeza monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeteremsha mpira wa kompresa ndani ya duara ili mwenzake apate pumzi, huenda anampelekea sumu.

Napendekeza mwalimu afinyange rota mbili kwa udongo, kisha aliulize darasa: mafuta yanakwenda wapi, na mdomo wa kuvutia hewa uelekezwe wapi? Maswali hayo mawili yastahili alama nyingi katika mtihani kuliko fomula iliyokaririwa.