Kutangaza si Kutafuta Soko

Nimechoka kuwasikia waundaji programu wenzangu wakisema, "Kazi imeisha, imebaki kutafuta soko tu." Wanamaanisha bango, tangazo la redio na fulana zenye nembo. Wapo na wale wanaojitia hekima: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Makundi haya mawili hugombana, lakini kosa lao ni moja. Wote wanadhani kutafuta soko ni kupiga kelele. Mmoja anazitaka, mwingine hazitaki.

Hebu tutazame M-Pesa, maana kila mtu hudai anaijua. Jaribio lake lilianza mwaka wa 2005, likilenga watu walipe mikopo midogo midogo kwa simu. Wao wakaanza kutumiana pesa. Safaricom ilipozindua huduma hiyo Machi 2007, haikung'ang'ania mikopo. Ilisema jambo moja: tuma pesa nyumbani. Naam, hilo lilikuwa tangazo, lakini maneno yake yalitoka wapi? Yalitokana na kuwatazama watu wakikitumia kitu chenyewe.

Kisha bei. Kujisajili bure, kuweka pesa bure. Ulilipa ulipotuma na ulipotoa. Aliyemtumia mtu asiyesajiliwa alitozwa zaidi, kwa hiyo mtumaji mwenyewe akawa na sababu ya kumhimiza nyanya yake kule kijijini ajisajili. Bango gani lingeifanya kazi hiyo?

Kisha mahali. Duka lile lile la kuuza kadi za simu likawa wakala. Mteja alipoweka pesa bila kutozwa, mwenye duka alilipwa kamisheni na kampuni, basi hakuwa na haja ya kumfukuza. Nayo menyu ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi kwenye simu ya bei rahisi bila intaneti. Utasema huo ni uamuzi wa kiufundi. Ni uamuzi wa soko pia, ndugu yangu, na aliyeuandikia kodi ni mtu kama wewe.

Najua utanijibu: Safaricom ilikuwa tayari na wateja mamilioni na pesa za kutangaza. Kweli kabisa. Lakini hiyo ndiyo sababu zaidi ya wewe kufikiri kwanza. Kampuni kubwa ikipoteza pesa za matangazo, itapata nyingine mwakani. Wewe ukipoteza akiba yako, umefunga duka.

Basi kabla hujachapisha hata karatasi moja, jibu haya. Nani ana shida hii? Leo anaitatua vipi, na kwa gharama gani? Atakulipa lini na kwa njia ipi? Programu itamfikia kwa simu aliyo nayo? Nani mwingine atapata faida yeye akiitumia?

Ukikosa majibu, usitangaze. Utakuwa unalipa pesa ili watu wengi zaidi wajue upesi kwamba kitu chako hakiwafai.