Supu ya Matunda

Wako wasemao kwamba supu isiyo na nyama wala moto si supu. Mimi nakataa. Sokoni Mbarara jioni, matunda yaliyoiva sana huuzwa rahisi. Ponda papai na nanasi, kamulia pasheni na ndimu, kisha tia maji yaliyochemshwa yakalala mtungini. Huko Nakivale, panapokaa wakimbizi tangu 1958, nyumba nyingi hazina friji. Lakini mtungi hauhitaji umeme. Maji yapenyayo udongo hukauka nje, yakaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Barafu ya njiani usiitie, maana hujui maji yake yametoka wapi. Inywe siku ile ile. Mwenye kubisha na aonje kwanza!