Bendera ya mji: tuchore nini, na nani aulizwe?

Kama Goma ingepata bendera yake, tungeweka nini juu yake? Wengi watajibu mara moja: volkano. Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021, na mwaka wa 2002 lava ilipita katikati ya mji. Lakini ule mlima tuliukuta. Kitu wakaaji wenyewe walitengeneza kwa mikono ni chukudu, ile ya mbao inayobeba viazi na makala. Njo maana sanamu yake imesimama mjini.

Ila tuchunge. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, ikapandisha bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, feza ya wazee wa kule. Alama yenyewe ilikuwa ya kweli, lakini ilitumiwa kugawanya inchi mpaka 1963.

Basi bendera ya mji ikae chini ya ile ya taifa, isishindane nayo. Tena isichorwe ofisini tu. Mama wa soko, mvuvi na mwenye kusukuma chukudu waulizwe kwanza. Wasipojiona ndani yake, itabaki kitambaa tu.